Tisini na Saba Haigawanyiki

Shija alikuwa amefeli hesabu mara mbili. Si hesabu za mainjinia, hapana. Hesabu za watoto wa darasa la tano: sehemu, desimali, namba tasa, kigawe kidogo cha shirika. Mtihani wa leseni ya ualimu ulikuwa na karatasi tatu. Ile ya malezi aliipita, ya mbinu za kufundisha aliipita, lakini ya tatu, Hesabu na Dhana ya Namba, ilimtupa chini kama punda asiyetaka mzigo. Anayefeli mara tatu anarudi chuoni kuanza upya. Shija alikuwa na miaka thelathini na mmoja na mchumba aliyekwisha kuchoka kusubiri. Hakuwa na muda wa kurudi chuoni.

Mchumba mwenyewe ni Anjela, Mhehe wa Kilolo, mwalimu wa shule ya msingi, anayeishi Kihesa, Iringa mjini, kwa kaka yake Gideoni. Wazee wa pande zote mbili walikwisha kukaa. Mahari ilikubaliwa ng'ombe wanane, kwa sharti kwamba kijana apate leseni kwanza. Baba yake Anjela alikwisha kufariki, kwa hiyo aliyesema ni baba yake mdogo, Mzee Liberatus.

"Binti yetu anashika chaki," alisema Mzee Liberatus. "Hatumtoi kwa mtu anayeshika fimbo."

Siku hiyo Mzee Bujiku, baba yake Shija, alivua kofia akaiweka gotini, akaeleza namna mifugo yake ilivyokwisha. Ugonjwa, ukame, faini za kuingia hifadhini. "Jamani, zizi langu mnaliona kubwa kwa sababu ya miti. Ndani hawafiki arobaini."

Wahehe walitazamana. Hawakuamini, ila hawakuwa na namba ya kumwekea mezani. Hata Bujiku mwenyewe hakuwa nayo.

Kwake Bujiku, nje kidogo ya Rujewa, Usangu, ng'ombe hawahesabiwi. Alihama nao kutoka Usukumani Shija akiwa mgongoni kwa mama yake, na desturi hiyo alihama nayo pia. Jioni anasimama mlangoni mwa zizi, mikono nyuma, anatazama wanavyoingia. Anawajua kwa rangi, kwa pembe, kwa ukoo wa mama zao. "Yule mwekundu mwenye sikio lililochanika bado." Vijana wanarudi mbugani, na kweli wanamkuta amenasa kwenye tope. Hajawahi kukosea. Lakini kunyoosha kidole na kusema mmoja, wawili, watatu, hapo utamtafuta.

Shija alilijua hilo kwa ngozi yake. Alipoanza shule alirudi siku moja akiwa na furaha ya kujua kuhesabu, akapanda juu ya boriti ya zizi akaanza kwa sauti. Hakufika kumi na tano. Fimbo ilimshusha.

"Ukihesabu, unamwambia mtu," baba yake alimwambia akiwa bado anatweta. "Leo shemeji anakuja kuomba, kesho ofisa, keshokutwa ndugu yako mwenyewe. Namba ikishatoka mdomoni haina mlango wa kurudia."

Tangu hapo, kila Shija akikutana na namba kwenye karatasi, miguu ilimwasha. Akili ilikuwa inataka kujibu, miguu inataka kuondoka. Kwenye mtihani wa kwanza aliomba ruhusa ya kwenda chooni mpaka msimamizi akamuuliza amekula nini. Kwenye wa pili alitafuna kalamu ikapasuka, wino ukamwagika mdomoni, akatoka chumbani na meno ya bluu.

Wiki moja kabla ya mtihani wa tatu alipanda basi kwenda Iringa. Gideoni alikuwa anafundisha hesabu sekondari, na alikuwa amemwambia Anjela amlete, atamnyoosha.

"Shemeji, kaa."

"Nimekaa."

"Umesimama."

Shija alijitazama. Kweli alikuwa amesimama, tena mkono uko kwenye kitasa cha mlango.

"Kaa. Nipe kigawe kidogo cha shirika cha kumi na mbili na kumi na nane."

Shija alikaa, akafuta jasho, ingawa Kihesa asubuhi ile watu walikuwa wamevaa masweta. Akaandika, akakata, akaandika. "Mia mbili na kumi na sita."

"Hapo umezidisha tu. Nimesema kidogo. Ki-do-go. Thelathini na sita! Ninyi watu wa Usangu kila kitu mnajaza mpaka kinamwagika."

"Gideoni, unamfundisha kama unamfukuza," Anjela alisema kutoka mlangoni. Alikuwa amekaa kwenye kigoda na ungo wa maharage mapajani, anatoa mawe.

"Sasa nimbembeleze? Mwanamume mzima hajui sehemu!"

"Anazijua. Zinamtisha tu." Anjela aliinuka, akaja mezani, akamwaga maharage yote mbele ya Shija, juu ya karatasi za mtihani wa zamani. Yalikuwa maharage ya Kilolo, ya mchanganyiko: mekundu, meupe, meusi, ya madoa. "Shija. Kwenu kuna nini kingi?"

"Ng'ombe."

"Haya, nionyeshe."

Shija aliyatazama yale maharage. Kisha akachukua moja jekundu, kubwa, akaliweka peke yake. "Huyu ni Ngosha, dume." Akachukua jeupe lenye doa. "Huyu jike, bibi yake ndiye aliyekuja na baba kutoka Usukumani. Huyu ni binti yake. Hawa wa binti yake." Mkono ulianza kwenda wenyewe. Aliwapanga kwa koo, mama nyuma ya mama, ndama ubavuni. Alikosa rangi ya kijivu, Anjela akamletea punje za mahindi. Gideoni alitaka kusema kitu, dada yake akamkanyaga mguu.

Alikaa muda mrefu bila kuinuka. Hakugusa kitasa. Alipomaliza, zizi lote la Mzee Bujiku lilikuwa limelala mezani Kihesa, hakukosekana hata ndama.

"Sasa," Gideoni alisema taratibu, "wapange kumi kumi."

Mkono wa Shija ulisimama hewani. Aliisikia ile fimbo. Aliangalia mlango, akamwangalia Anjela, aliyekuwa ameshika ungo mtupu kifuani kama mtu anayesubiri kupewa kitu. Kisha akasukuma kumi la kwanza upande. La pili. La tatu. Yalipofika tisa, zilibaki punje saba.

"Makumi tisa na mamoja saba," alisema, na sauti yake mwenyewe ikamshangaza.

"Tisini na saba!" Gideoni akadaka. "Gawa kwa mbili."

"Anabaki mmoja."

"Kwa tatu."

Shija akapanga. "Anabaki mmoja."

"Tano? Saba?"

"Tano, wanabaki wawili. Saba..." Alisukuma, akarudisha, akasukuma. "Wanabaki sita. Lo! Hawagawanyiki!" Alisimama, safari hii kwa furaha, akapiga meza maharage yakaruka. "Hawagawanyiki hawa! Tisini na saba haigawanyiki!"

"Ndiyo namba tasa yenyewe, shemeji. Imekuchukua miaka mingapi?"

Baada ya hapo mengine yalifunguka kama mfereji wa mpunga ukiondolewa udongo. Sehemu ilikuwa ndama kati ya zizi. Asilimia ilikuwa zizi kama lingekuwa na mia. MAGAZIJUTO, ile kanuni ya kuanza na mabano, aliielewa pale Anjela alipomwambia mabano ni boma: shughulika na waliomo ndani kwanza, ndipo uwafuate waliotoka. Kila alipokwama alirudi kwenye punje. Jioni Anjela alizikusanya akazipika, na wote watatu wakala zizi la Mzee Bujiku kwa ugali. Walicheka sana.

Jumamosi Gideoni alikwenda Kilolo kumsalimia baba yake mdogo. Hakwenda kwa ubaya. Alikwenda na kichekesho chake cha maharage, na kichekesho hakinogi bila mwisho wake, na mwisho wake ulikuwa tisini na saba.

Mzee Liberatus alicheka naye. Kisha akaacha kucheka.

Mtihani ulifanyika Mbeya, kwenye ukumbi wenye madirisha yasiyofungika, baridi inapita kama ina haraka. Shija alikuwa na punje chache mfukoni. Hakuzitoa, alizishika tu. Swali la kwanza liliuliza thamani ya tarakimu, akaandika. La sehemu, akaandika. Swali moja liliuliza kama sifuri ni shufwa au witiri. Miguu ikaanza kumwasha. Aliliona zizi tupu, akaligawa pande mbili: huku hakuna, huku hakuna, na hakuna aliyebaki nje. Akaandika shufwa. Hakuomba kwenda chooni.

Matokeo yalipotoka alikuwa amepita. Alimpigia Anjela, Anjela akapiga vigelegele kwenye simu mpaka ikakoroma. Alimpigia baba yake, na Bujiku akasema, "Safi, ng'wanone, mwanangu. Waambie waje wachukue wanane wao."

Walikuja Rujewa, Mzee Liberatus na wenzake wawili, na Gideoni nyuma akitazama chini. Walipewa maziwa. Walikunywa. Mzee Liberatus akajifuta mdomo.

"Mzee Bujiku, ulituambia hawafiki arobaini."

"Nilisema."

"Ni tisini na saba."

Bujiku hakumtazama Liberatus. Alimtazama Shija. Pale nje palikuwa na kaka zake Shija watatu, wakubwa wote, wamekaa juu ya magogo. Masanja, mkubwa wao, alikuwa anachonga kijiti. Aliacha kuchonga.

"Nani kasema?" Bujiku aliuliza.

"Kijana wako amewahesabu vizuri sana," alisema Liberatus. "Kafaulu. Sasa hatuna ugomvi na wanane. Neno letu ni neno. Lakini kwetu, mtu akidanganya kwenye kikao cha mahari kuna faini. Tumeona tisa inatosha."

"Tisa juu ya wanane!"

"Ungesema kweli ungetoa wanane tu."

Shija alisimama, akakaa, akasimama. Alisogea kando akampigia Anjela. "Ongea nao. Ni baba yako mdogo."

"Nimeongea tangu jana! Nimewaambia mimi siyo gunia la lumbesa la kuongezewa juu. Wananiambia hili ni la wanaume. Shija, mimi ndiye niliyemwaga yale maharage."

"Na mimi ndiye niliyeyapanga."

Aliporudi, baba yake alikuwa amekwisha kusema ndiyo. Bujiku alikuwa mtu wa kubisha mpaka jua lizame, lakini siku ile hakubisha. Alisimama mlangoni mwa zizi akawatoa mmoja mmoja, na kila aliyetoka Liberatus alimnyooshea kidole na kumtaja kwa namba. Yule jike mweupe mwenye doa, mjukuu wa waliotoka Usukumani, alikuwa wa kumi na mbili.

Wageni walipoondoka na ng'ombe wao, Masanja aliinuka kwenye gogo. Alikuwa bado ameshika kile kijiti.

"Baba, kwa hiyo tulikuwa na tisini na saba."

Bujiku alirudishia mti wa mlango wa zizi.

"Miaka yote unatuambia hawatoshi kugawa. Mimi nina watoto sita na sijapewa hata jike mmoja wa kuanzia."

"Hawagawanyiki," Shija alisema, na mara akajua amesema ujinga.

"Walikuwa hawagawanyiki, mwalimu," Masanja akamjibu. "Kumi na saba wametoka. Tupigie hesabu. Si ndiyo kazi yako sasa?"

Shija alitazama chini. Alijua jibu kabla hajaulizwa, na hakutaka kulijua. Themanini. Inagawanyika kwa mbili, kwa nne, kwa tano, kwa nane, kwa kumi. Kwa kila anayenyoosha mkono.

"Baba," alisema, "kataa."

"Nimkatalie kwa neno gani?" Bujiku alikuwa anatazama vumbi la ng'ombe walioondoka. "Kabla hujahesabu lilikuwa zizi, Shija. Sasa ni mafungu."

Walibishana kwa mwezi mzima. Masanja alileta wazee, wazee wakala mbuzi, wakasema wakubwa wamekuwa na wana haki. Kuhusu Shija, walisema fungu lake limekwenda Kilolo kwa mahari, na Masanja aliitikia kwa sauti kuliko wote. Shija hakubisha. Mwezi huohuo alipewa darasa la tatu Iringa na Anjela akawa mke wake, na watu wanasema anafundisha namba vizuri, anatembea darasani tangu kengele mpaka kengele, hakai.

Alipokwenda Rujewa kusalimia, jioni alimkuta baba yake mlangoni mwa zizi, mikono nyuma. Ng'ombe waliingia wakaisha upesi. Bujiku aliendelea kusimama pale, kama kuna wengine njiani.

"Wameingia wote, baba?"

"Ishirini," Bujiku alisema. "Wachache hivi, unawahesabu hata kama hutaki."

Kilolo, kumi na saba. Masanja, ishirini. Kaka wa pili, ishirini. Kaka wa tatu, ishirini. Mzee Bujiku, ishirini. Shija, sifuri. Jumla, tisini na saba.