Kilichokuwa Ndani ya Godoro la Viateur

Kilio kikiwa kikubwa, mwenye kilio hapati hata pa kujikunia. Ndivyo ilivyokuwa kwa Mukandori pale Ngungu tangu wamzike mumewe Viateur. Nyumba ilijaa hadi jikoni. Waliokuja kulia walilia, waliokuja kula walikula, na waliokuja kusikia nani kagombana na nani kwa ajili ya ng'ombe yupi walikaa hadi mwisho, maana habari ni kama maharagwe, haziivi upesi. Usiku wanawake walijipanga kwenye mikeka chumbani mwake kama viazi ndani ya gunia. Yeye alilala peke yake juu ya kitanda, upande wa ukutani, bila kugeuka.

Hakugeuka kwa sababu ndani ya godoro, chini ya ubavu wake, mlikuwa na bastola ya marehemu, na bastola ilikuwa na risasi.

Viateur alirudi nayo kutoka machimbo ya Bisie, miaka ile watu walipokuwa wakichimba kasiterite, madini ya bati, kwa mikono na kuivusha msituni kwa mgongo. Kila mnunuzi, naye akiwa mmoja wao, alikuwa na kitu chake kiunoni. Biashara ilipoisha alirudi kwenye kilima chake, akanunua ng'ombe, akawa mtu wa kanisa, lakini kile chuma hakukitupa. Kwanza aliogopa wezi. Baadaye akaanza kuogopa kuulizwa amekitoa wapi. Kilima kilibadilisha mabwana wenye bunduki mara nyingi, na mabwana wa sasa walipotangaza kwamba kila mwenye silaha ailete, mtu mmoja wa ng'ambo ya bonde alipeleka yake kwa moyo mweupe. Hadi leo mke wake anauliza njiani kama kuna aliyemuona.

Basi Viateur akapasua godoro la majani upande wa ukutani, akaitia humo, akashona. Siku za mwisho, ugonjwa ulipomlaza, alijaribu kuitoa risasi akashindwa. Vidole vyake vilikuwa vimekakamaa kama mizizi ya tangawizi. Alimwambia mkewe kwa sauti ndogo kwamba iko moja mu kinywa, tayari kufyatuka. Kisha akafa, naye akamwachia usingizi wa namna hiyo.

Na Mukandori mwenyewe, mikono yake ilikuwa afadhali gani? Rimatisime, ule ugonjwa wa viungo, ilikuwa imemshika tangu mvua za zamani. Vifundo vilivimba, gumba la kulia lilikataa kukunjika, kijiko chake alikizungushia vitambaa ili kiwe kinene aweze kukishika. Juma lile la kilio alikuwa ameangusha vikombe mbele ya wageni hadi wakasema ni huzuni. Haikuwa huzuni. Mkono unaoangusha kikombe cha chai, utabebaje kitu kama kile kupita katikati ya watu?

Sasa ikafika siku ya kuondoa kilio. Kwa ukoo wa Viateur, siku hiyo godoro la marehemu linatolewa uani, ndugu zake wanalipasua, wanamwaga majani na kuyachoma, ili usingizi wa aliyekufa usibaki nyumbani. Kaka mkubwa, Védaste, ndiye wa kushika kisu. Mukandori alijua desturi hiyo tangu aolewe, na usiku baada ya usiku aliigeuza kichwani. Védaste akiiona bastola, itaonekana na watu wote. Asipoiona, itaingia motoni ikiwa na risasi zake. Na kana kwamba hilo halitoshi, asubuhi ile waliingia uani wenye kushika kilima, komanda mmoja na wenzake wawili, wakavua kofia, wakatoa pole kwa adabu, wakapewa viti karibu na madumu ya kasiksi, pombe ya ndizi.

Védaste alitangaza kwamba sala ikiisha wataingia chumbani. Katekista akaanza kusali, na Mungu ambariki, alikuwa mtu wa sala ndefu. Wanawake walikuwa uani wote. Mukandori akasema anaenda kubadilisha kitambaa, akaingia, akausukuma mlango kwa kiwiko.

Ule uzi wa mshono aliukata kwa meno. Akaingiza mkono ndani ya majani, akaigusa. Ilikuwa baridi, nzito kuliko alivyokumbuka. Akaitoa kwa viganja viwili kama mtu anayetoa kiazi kwenye majivu, akaiweka juu ya shuka, mdomo wake ukitazama ukuta. Akajaribu kulivuta nyuma lile bati la juu linalotema risasi, kama alivyomwona Viateur akifanya zamani. Vidole viliteleza. Akajaribu tena, maumivu yakapanda hadi begani, chuma hakikusogea hata unene wa ukucha. Angeweza kuitupa chooni hivyo hivyo, lakini shimo lilichimbwa kwenye mawe, na chuma chenye risasi kikianguka juu ya jiwe, nani anajua? Mlio mmoja tu, na wale watatu wa kasiksi wangekuwa mlangoni kabla moshi haujatoka.

Mlango ukafunguka. Aliyeingia alikuwa Léontine.

Ningekuwa mimi Mukandori, ningeomba aingie mtu yeyote isipokuwa Léontine. Huyu alikuwa dada mdogo wa Viateur, na kinywa chake hakikuwekwa mlango siku alipoumbwa. Mimba ya mtu ilijulikana kwa Léontine kabla ya mwenye mimba. Hata pale alikuwa amefuata harufu ya habari tu: wifi yake kaingia chumbani wakati wa sala, kwa nini?

Aliona. Alirudisha mlango, akauegemea kwa mgongo wake mpana.

"Ile ni ya kaka," akanong'ona.

"Ni yake. Iko moja mu kinywa, na mikono yangu inakataa. Védaste anakuja kutosha godoro inje sasa hivi."

"Na bale ba komanda beko pale inje banakunywa."

"Njo maana nilisukuma mlango, wifi."

Léontine akaangalia mikono yake mwenyewe. Alikuwa amekamua ng'ombe na kushika jembe miaka yote. Kidole cha kati hakikunyooka, na kila asubuhi aliviloweka vidole kwenye maji ya moto kabla ya kufunga kanga.

"Tuko na mikono ine," akasema, "lakini ukihesabu nguvu, ni moja. Tena ya muntu mugonjwa."

Mukandori alitaka kucheka, akaona aibu. Nje katekista alikuwa amefika kwa mababu wa Viateur, akiwaombea mmoja mmoja.

Ni Léontine aliyekumbuka blanketi. Wakati wa kufua mtoni, blanketi nzito za kilio haziwezi kukamuliwa na vidole vya mtu mzee; wanawake wawili wanashika kila mmoja upande wake, wanaegemea nyuma, na uzito wa mwili ndio unafanya kazi. Walikuwa wamezifua hivyo juzi tu. Akamwambia wifi yake akae chini, ashike mpini kwa viganja vyote viwili, aubanie tumboni, mdomo wa chuma uingie ndani ya majani ya godoro, na vidole vikae mbali na kile kiulimi cha chini cha kufyatulia. Mwenyewe akavua kilemba chake, akakikunja juu ya bati, akalikumbatia kwa viganja.

"Hapana vuta na vidole. Lala nyuma, sawa vile mutoni. Moja, mbili."

Wakalala nyuma. Kilemba kikateleza, bati likarudi na mlio mkavu, kla. Uani mtu akauliza ni nini kimeanguka. Léontine akajibu kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba ni kifuniko cha sufuria, na watu wasisumbue mjane.

Safari ya pili Léontine alikilowesha kilemba kwa mate, akakikunja mara mbili. Wakajipinda kila mmoja upande wake. Bati likasogea, likasita, likafunguka lote, na risasi ndogo ya rangi ya shaba ikaruka, ikaanguka juu ya shuka bila kelele, kama punje ya muhindi.

"Imeisha," akasema Léontine, akajipiga ishara ya msalaba.

Mukandori alitamani kuamini. Alishakunjua hata shimizi yake kuukuu ya kuifungia. Ndipo ikamjia sauti ya Viateur, enzi hizo akiisafisha kwenye kizingiti na kumfundisha kwa mzaha namna ya kuzitoa risasi: kwanza utoshe chakula ya mu tumbo, kisha utoshe kile kiko mu kinywa. Ukianza na kinywa, itameza ingine.

"Haiyaisha," akasema. "Chakula ingali mu tumbo. Imekwisha kumeza ingine."

Walitazamana. Kitu walichokuwa wanataka kukifunga kama chakula cha safari kilikuwa vile vile kama kabla.

Kulikuwa na kitufe kando ya mpini, kidogo kama jicho la kuku. Mukandori akakibonyeza kwa gumba, gumba likagoma. Akabonyeza kwa kifundo, akauma mdomo. Uani watu wakasema amina, moja ile nzito ya mwisho, viti vikaanza kusogea. Léontine akavua rozari shingoni, akakibusu kimsalaba cha shaba, akaomba msamaha kwa haraka, akasimamisha ncha yake juu ya kitufe, na Mukandori akakilalia kwa kisigino cha mkono, uzito wote wa mwili wake wa ujane. Kikakubali. Kisanduku cha risasi kikateleza kutoka ndani ya mpini. Wakashika tena, huku na kule, wakalala nyuma, na risasi ya pili ikaruka. Léontine akachungulia ndani. Mlikuwa na giza tupu.

"Sasa iko na njaa," akasema.

Vyote vikaingia kwenye shimizi: chuma, kisanduku, na zile mbili zilizoruka. Fundo likafungwa kwa meno. Léontine alitaka kubeba, lakini kubadilisha nguo na kwenda chooni lilikuwa jambo la mjane. Yeye angetiliwa shaka. Mukandori akakibana kifurushi kwapani, chini ya kanga, akatoka. Védaste na ndugu zake walikuwa wanaingia. Wakampisha.

Njia ya chooni inapita karibu na madumu. Akaenda akitazama chini, kwapa likitoa jasho, na kila hatua kifurushi kikashuka kidogo. Akajaribu kukirudisha juu kwa mkono wa pili; vidole vikakigusa, vikakataa. Kikashuka hadi kiunoni. Akasimama, maana akipiga hatua nyingine kingeanguka mbele ya watu wote.

Komanda akamwona. Alikuwa mtu wa makamo, wa sauti ya upole, na pengine naye ana mama mahali fulani. Akaweka kikombe chini, akasimama, akanyoosha mkono.

"Mama, ile inakushinda. Leta nikubebee."

Mkono wa yule mtu ulishafika karibu na kanga yake.

"Hapana gusa, Komanda," akasema Léontine kutoka mlangoni, na hakusema kwa siri. Alisema kwa sauti ile yake ambayo kilima kizima kinaijua. "Ni manguo ya ndani ya mwanamuke. Na haiko ya huyu mama."

Watu wote uani wakageuza shingo.

"Kaka yangu alizificha mu godoro. Ni za bibi yake wa pembeni, wa Buleusa, kule Walikale, wakati ya Bisie. Tumezikuta sasa hivi. Mumuachie mama azitupe mu choo na mukono yake mwenyewe."

Komanda akarudisha mkono, akaupangusa kwenye suruali ingawa haukugusa kitu. Akasogea pembeni. Mukandori akakikumbatia kifurushi kifuani kwa mikono yote miwili kama mtoto mgonjwa, akapita, akaingia chooni, akakiachia. Kilianguka chini kabisa kwa sauti laini, mara moja, na basi.

Aliporudi, macho yalikuwa yamebadilika. Asubuhi yalimtazama kama mjane. Sasa yalimtazama kama mwanamke aliyechezewa. Lakini yeye alimjua mume wake. Viateur alikuwa akirudi kutoka Bisie na miguu imevimba, na kabla ya kunywa maji alikuwa akiuliza kama yeye amekula. Godoro likapasuliwa, majani yakamwagwa, yakawaka vizuri, hakuna kilicholia. Védaste alisimama kumsifu ndugu yake. Watu walijua alikuwa ametayarisha maneno ya mke mmoja na ndoa ya kanisa. Akakohoa, akasema marehemu alipenda sana ng'ombe, akakaa.

Wanawake wakamzunguka Mukandori. Mzee Victorine, jirani yake wa miaka yote, akamshika mikono iliyovimba, akamuuliza kwa huruma huyo mwanamke anaitwa nani, maana jambo kama hilo halikosi jina, na kama halina jina basi huenda si kweli. Pale kwenye madumu komanda alikuwa amegeuza kichwa kidogo upande wao, kikombe kimesimama njiani kuelekea mdomoni.

Léontine akafungua kinywa. Pengine ingekuwa mara ya kwanza akose la kusema.

"Solange," akasema Mukandori.

"Na ni wa namna gani?"

"Murefu. Mweusi, wa meno mazuri." Akahisi machozi yanakuja, ya kweli kabisa, na hakuyazuia. "Alikuwa anajua kupika nyama ya mu pori. Viateur alikuwa anaisifu kila siku."

Victorine akatikisa kichwa, akasema wanaume. Pale kwenye madumu, kikombe kikafika mdomoni. Hadi watu wanaanza kuaga, Solange alikuwa na watoto wawili, na mmoja wao, walisema waliojua, alifanana sana na Viateur kwenye paji la uso.