Bwana Harusi Alipopiga Chafya

Sikio langu la kushoto lilikuwa limebanwa kwenye ubao wa banda la kuku, na sikio la kulia lilikuwa linamsikia wifi yangu akinicheka kutoka ng'ambo ya ukuta.

"Wifi, hao kuku wanasoma taarifa ya habari?"

"Wanakusengenya wewe," nikamjibu. "Nyamaza nisikie vizuri."

Jua lilikuwa linazama. Kuku wangu kumi na wanne walikuwa wameshapanda fito zao na kujikunyata. Mchana ule daktari wa mifugo alikuwa ametufundisha: ngoja watulie, zuia pumzi yako, kisha sikiliza zao. Kuku mzima akilala hasikiki. Kuku mwenye ugonjwa kifuani hawezi kujificha.

Nilisikiliza fito ya chini, kimya. Ya katikati, kimya. Ndipo ikaja, kutoka juu kabisa, mahali pa heshima: sauti kama ya mtu anayevuta uzi mnene kwenye kitambaa kikavu. Ikanyamaza. Ikavuta tena.

Pale juu alikuwa akilala mmoja tu, jogoo wangu, Bwana Harusi.

Mtaa wetu ulikuwa umebanana kiasi kwamba mtu akikoroma huku, jirani ndiye anayegeuka ubavu. Majogoo wawili wangetutia wazimu. Kwa hiyo wanawake tuliofuga tulikubaliana jogoo awe mmoja, azunguke kwa zamu, siku tano kwa huyu, siku tano kwa yule. Na jogoo mwenyewe akawa wangu. Alikuwa mwekundu wa kutu, mkia mweusi unaong'aa kijani akigeuka juani, kilemba chake kimesimama kama hasira ya mtu mfupi. Nilimbeba kwenye tenga lililofunikwa kitambaa, nikipita mlango kwa mlango kwa maringo ya mama mzaa bwana harusi. "Anakwenda kuoa," nilikuwa nikiwaambia watu. "Pisheni njia." Nilikuwa na miaka hamsini na mbili wakati huo, na sikuwa na kitu kingine cha kuringia. Meno ya mbele yalikuwa yameshaniaga.

Sasa nitasema nilichofanya, maana nimeshazeeka na aibu zangu nyingi zimekufa kabla yangu.

Zamu moja Bwana Harusi alirudi kutoka kwa mama mwenye mashine ya kusaga akiwa na povu dogo kwenye kona ya jicho. Akapiga chafya. Nikasema amevuta unga. Akapiga nyingine. Nikasema unga ulikuwa mwingi. Nilimwosha jicho kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi, nikamfungia jikoni peke yake, na siku ya nne akawika mpaka sufuria zikatetemeka. Nikajipongeza. Na kwa kuwa zamu iliyofuata ilikuwa ya wifi, ambaye alishaanza kusema jogoo wangu amechakaa kama mwenyewe, sikufungua mdomo. Nilimfuta manyoya kwa kitambaa chenye mafuta kidogo, nikampeleka siku ileile ya zamu, saa ileile, anang'aa kama kiatu kipya.

Wiki mbili baadaye kuku wa wifi wakaanza kupiga chafya. Kisha nyuso zikavimba, macho yakafumba kama wamepigana ngumi, wakawa wanapumua midomo wazi, shingo wamezinyoosha. Sita wakafa. Wifi akatafuta mwenye makosa, na hakuhitaji kwenda mbali, maana ndani ya nyumba alikuwa na mkwe, mke wa mwanawe, msichana wa miezi mitano kwenye ndoa. Msichana yule ndiye aliyekuwa akitunza banda. Siku mbili alikwenda kumwona mama yake, akarudi akakuta vyombo vya maji vina utelezi.

"Umewanywesha uchafu," wifi akamwambia. Akamnyang'anya ufunguo wa banda na kuufunga kwenye pindo la nguo yake. Kisha akatangaza mbele yetu sote kwamba Jumamosi atamrudisha kwao na sanduku lake, akafundwe upya, na kama hafundiki abaki hukohuko. Msichana hakujitetea. Alikuwa akisugua vyombo vile vya maji kutwa, vikiwa vimeshatakata, mpaka vidole vikachubuka.

Jumatano akaja daktari wa mifugo, mtu mwembamba mwenye buti kubwa kuliko miguu. Akamshika kuku mmoja, akauweka mgongo wake sikioni. Akauliza, "Mama, kuna kuku mgeni aliyeingia humu karibuni?"

"Hakuna," wifi akasema, bila hila. Nani angemwita Bwana Harusi mgeni? Alikuwa wa nyumbani kuliko baadhi ya waume.

"Basi nielezeni imeingiaje," daktari akasema. "Ugonjwa huu kuku huambukizana wao kwa wao. Na ujanja wake ni huu, aliyepona hajapona. Utamwona anakula, anawika, kumbe anabeba. Dawa ya kwenye maji itamtuliza tu."

Nilikuwa nimekaa kwenye kigoda na kikombe cha chai. Chai ikanipalia. Msichana akaacha kusugua, akaja kunipiga mgongoni taratibu kwa mikono yake iliyochubuka, akiniambia, "Pole, mama. Pole." Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua. Hawakusema kilio kitakuwa cha nani.

Ndiyo maana jioni ile nilibana sikio ubaoni. Nilitaka kusikia kimya. Nilitaka jogoo anipe ruhusa ya kuendelea kunyamaza. Hakunipa.

Asubuhi nilimtia kwenye tenga. Sikumfunika kitambaa. Nilivuka kwa wifi, nikalitua tenga katikati ya ua.

"Zamu yake bado," wifi akasema.

"Hajaja kuoa leo. Amekuja kukiri."

"Umeanza utani wako asubuhi yote hii?"

"Wifi, kaa chini." Nadhani ni sauti iliyomkalisha, hakuwa ameizoea. "Mkwe wako hana kosa. Huyu alikuja kwako mgonjwa. Nilijua alikuwa anaumwa, nikampaka mafuta nikamleta. Sikiliza kifua chake kama huniamini."

Wifi hakusikiliza kifua. Alimtazama jogoo kwenye tenga, kisha akanitazama mimi.

"Wewe mwanamke," akasema, "kaka yangu alikuoa akiwa amefumba macho?"

"Yalikuwa yamevimba," nikasema.

Hakucheka. Mimi pia sikucheka. Tulikuwa tumesahau kwamba msichana amesimama mlangoni na chombo cha maji mkononi. Akasema polepole, "Mama, nilikuwa nimeanza kuamini ni mimi."

Nimetukanwa na mafundi wa kutukana, wifi akiwa mkuu wao. Hakuna tusi lililowahi kuniingia kama maneno yale.

Wifi alifungua fundo la nguo yake. Hakuomba radhi, hakuwa na chombo cha kufanyia kazi hiyo. Alitoa ufunguo, akaushika mkono wa msichana, akautia kiganjani na kukifumba. Sanduku halikwenda popote Jumamosi ile.

Ilibaki kazi. Daktari alituambia mabanda yote mawili yameshaambukizwa, njia ya uhakika ni kuanza upya. Mchuuzi wa kuku akanusa habari, akaja na baiskeli yake.

"Nipeni wanaosimama," akasema. "Nikiwafuta pua kidogo, sokoni hakuna atakayejua."

"Baba, kufuta pua naweza kukufundisha mimi," nikamwambia. "Huko sokoni nako kuna mtu atakwenda kumlaumu mkwe wake. Geuza baiskeli."

Tuliwamaliza wote, wangu kumi na wanne na wa wifi kumi na mmoja, tukawafukia kwenye shimo refu. Bwana Harusi nilimshika miguu mwenyewe. Sikumpa mtu. Nikaenda na kwa mama wa mashine ya kusaga, nikamwambia ukweli uleule, akanifukuza, kisha akaja jioni kuuliza tulitumia dawa gani. Tukakwangua sakafu, tukachoma matandiko, tukapaka chokaa mpaka mabanda yakawa meupe kama mayai, tukayaacha wazi juani wiki nane. Msichana ndiye aliyetupanga kazi. Wifi alimtii, akilalamika kila hatua ili tusidhani anamtii.

Ule ukimya wa alfajiri! Mtaa mzima ulichelewa kuamka, na kila aliyechelewa alikuja kunilaumu mimi.

Jogoo wa kuazimana hakuwapo tena. Msichana aliweka sheria kwamba hakuna kuku anayevuka ukuta, awe anaoa au anazikwa. Siku hizi wifi hayupo, na msichana yule ana wakwe zake mwenyewe. Akiletewa kuku mpya humweka kando mwezi mzima, na kabla ya hapo humweka sikioni, amefumba macho, kama mtu anayesikiliza simu kutoka mbali.

Juzi alinikuta nakohoa. Sikumwita. Nilimwambia nimevuta unga.

 Alinigeuza kitandani, akaweka sikio mgongoni pangu, akazuia pumzi. Nikazuia na yangu.

"Pumua, mama. Usinifanyie ujanja."

Nikapumua.

"Unasikia nini? Sema kweli."

Aliinua kichwa. "Kuna mkwaruzo," akasema. "Upande wa kushoto. Kesho tunakwenda hospitali."

Nikamwambia afungue dirisha, jua liingie kama tulivyofanya mabandani.