Salme na Mhimili wa Bembea

Kijijini kwetu mtu akizidisha jambo lolote, chumvi au maneno, husemwa amevuka mhimili, yaani chuma kile cha juu kinachobeba bembea. Bembea zetu ni za kusimama, zina vyuma badala ya kamba, na mwenye nguvu huzunguka nazo duara zima. Mimi nimesemwa hivyo tangu usichana. Basi sikukuu ya Jaani, ile ya katikati ya kiangazi, moto mkubwa wa sherehe haujawashwa, bia imeshaanza, shemeji yangu Aksel akapaza sauti, "Salme mambo yake yote yamevuka mhimili, ila mwenyewe hajavuka hata siku moja!"

Watu wakaangua kicheko.

"Na nikivuka leo, shemeji?"

"Nanyoa masharubu haya."

Masharubu yale hata mke wake alimkuta nayo.

"Na nisipovuka?"

"Unanyamaza mpaka Krismasi."

Hapo nikaogopa kweli.

Binti yangu Maire akanifunga miguu kwenye kibao na mikono kwenye vyuma, kanuna. "Mama, una miaka sabini!"

"Kaza mkanda, wewe."

Nikaanza taratibu, maana bembea haitaki pupa. Ikifika juu unachuchumaa, ikipita chini unasimama. Kazi iko pale chini, mwili unakuwa mzito kama umebebeshwa nguruwe, na magoti yanabembeleza ukae. Nikayakatalia. Kila nikisimama na nguruwe wangu, bembea inapanda zaidi, hadi nikauona mto, kisha paa la kanisa, kisha mbingu chini ya miguu yangu.

Huko juu kabisa ikasita. Nikaning'inia kichwa chini kama paja la nyama la kukaushwa, aproni usoni. Kisha ikarudi nyuma nilikotoka.

"Krismasi njema!" akapiga kelele Aksel, anayapapasa masharubu.

"Tafuta wembe!"

Nikashuka kwa kasi, na safari hii nguruwe alikuja na watoto wake wote. Nikasimama nao hivyo hivyo, nacheka. Nikapanda upande wa pili, nikafika juu, na ghafla sina uzito! Kibao hakinisukumi, mikanda hainivuti, tumbo limepotea njia. Mhimili ukapita chini ya kichwa changu.

"Amevuka! Mama amevuka!" Maire akaruka ruka.

Nami kuisimamisha bembea sasa siwezi, nazunguka tu. Nikamwona Aksel anarudi nyuma kimyakimya kuelekea msituni.

"Mshikeni huyo!" nikapiga kelele kutoka juu, kisha kutoka chini, kisha tena kutoka juu.