Herufi Sita za Jael

Sikuyaona maneno madogo. Msimu mzima niliketi mkabala na Jael Awino, nikauangalia mkono wake unavyoingia mkobani na unavyotoka, na kila alipopanga mezani neno refu la Kiingereza nililikumbuka wiki nzima: TRAINED, PAINTER, CERTAIN. Yale mafupi aliyoyatanguliza, yenye alama chache zisizomfaa mtu kujivunia, yalinipita kana kwamba hayakuchezwa.

Mchezo wetu ulikuwa ule wa vigae vya herufi. Unachota saba kutoka mkobani bila kuchungulia, unaunda maneno juu ya ubao, na kila unapocheza unachota vingine kujaza pengo. Anayevitumia vyote saba kwa mkupuo mmoja huzawadiwa alama nyingi. Tulicheza kila Jumamosi baada ya alasiri kwa shangazi yangu, Bi Mwanaesha, mwalimu mkuu mstaafu, ghorofani kwake Ndia Kuu. Tulikuwa wanne: shangazi, mimi niliyefundisha isimu chuoni, Chengo wa ofisi ya uwakala wa mizigo bandarini, na Jael, mwalimu wa hisabati, aliyezaliwa Kisumu na kukulia Changamwe katika nyumba za reli. Mshindi wa msimu angekwenda Nairobi kuiwakilisha Mombasa. Jael alikuwa akiongoza, na Chengo akimfuata.

"Daktari, hebu nieleze," Chengo aliniambia jioni moja tukishuka ngazi. "Mbona huyu dada herufi zake ni zilezile? A, E, I, N, R, T. Wiki iliyopita hizo, leo hizo. Mkoba umemposa?"

"Ni bahati, Chengo."

"Bahati gani hiyo isiyopotea njia? Herufi zimechongwa. Papasa kwa kidole uone."

Nilipapasa. Ilikuwa kweli: kwa ncha ya kidole niliweza kuitambua I, na baada ya kujaribu kidogo hata T. Tangu hapo kila alichofanya Jael kilinitia shaka: pete aliyoivua kabla ya kuchota, mkono uliokawia, macho aliyoyaelekeza dirishani wakati vidole vikiwa kazini. Ulikuwa mwaka wa uchaguzi, 1997, na neno "wabara", la kuwatenga waliotoka nje ya Pwani, lilikuwa limeanza kutajwa vibarazani kwa sauti ya chini. Sikudhani kwamba limekwisha kupanda ngazi zetu.

Jumamosi ya mwisho wa msimu ni mimi niliyesema. Nilichagua maneno yangu kwa uangalifu, kama mtu anayesoma taarifa.

"Jael, kwa ajili ya haki ya wote, tungeomba leo usiushike mkoba. Shangazi atakuchotea."

Bi Mwanaesha aliweka chini birika la kahawa. "Mgeni wangu anapekuliwa nyumbani mwangu? Na wewe ndiye mpekuzi?"

"Si kumpekua, shangazi. Ni utaratibu tu."

"Utaratibu wa nani? Mbona Chengo hachotewi?"

"Mimi sina haja, bibi," Chengo alisema. "Mimi nashindwa naye kila wiki. Mwizi gani huyo anayeiba kushindwa?"

Jael alizikunja nywele nyuma ya sikio, akausukuma mkoba upande wa shangazi.

"Nichotee, mama. Mkono wako utanifaa."

Tukaanza. Jael akacheza OF, kisha HUB, kisha vijineno ambavyo hata mwanafunzi wa shule ya msingi angevionea haya.

"Leo mkoba umekutaliki!" Chengo alisema, akiuchungulia ubao kwa furaha.

Mimi nami niliridhika. Lakini kwa kuwa mkono wake haukuwa na kazi tena mkobani, macho yangu yalikosa pa kukaa, yakatua kwenye kibao chake cha vigae. Sikuweza kuzisoma herufi kutoka upande wangu; niliona tu ni vigae vipi vinavyoondoka. Vya mwanzo kushoto havikuguswa hata mara moja. Kila alichokicheza kilitoka mwisho wa kulia, na kila alichokiokota shangazi kikapangwa hapohapo.

Ndipo shangazi akamkabidhi kigae kimoja. Jael akakitazama, akaviteremsha vyote saba: MINARET.

Chengo alizihesabu herufi kwa kidole, moja moja.

"A, E, I, N, R, T," Jael alisema. "Hizo nikishazikusanya siziachii. Ikija G nina GRANITE, ikija P nina PAINTER, leo imekuja M. Herufi nyingi zinakaa nazo vizuri. Zisizokaa nazitupa kwa OF na HUB, mbele ya macho yenu, na nakubali kupata hasara mpaka ije inayofaa."

"Mbona hukutuambia?" niliuliza.

"Hamkuniuliza nachezaje. Mliniangalia mikono."

Alimaliza mchezo kwa adabu yote, akashinda. Chengo akampa mkono; mimi nikaanza sentensi ya kuomba radhi, nayo ikawa ndefu mno. Jael aliisikiliza mpaka mwisho.

"Nimekusikia, Daktari," alisema, akavaa pete yake. "Nairobi nitakwenda. Hapa sirudi."

Alikwenda Nairobi. Aliporudi akafungua meza yake ya mchezo mtaani Ganjoni, na Jumamosi ya kwanza Bi Mwanaesha alivaa buibui akaenda kucheza huko. Mimi na Chengo hatukualikwa.