Jiji la Wilibrodi

Hapa Rhotia, Karatu, hakuna mtu anayelijua jiji la Dar es Salaam kunishinda mimi. Sijafika, hilo niliseme mapema kabla majirani hawajanisemea. Mwisho wangu ni Arusha, na hata huko nilishuka stendi, nikang'olewa jino, nikarudi na gari lile lile. Lakini marehemu kaka yangu aliacha mtoto anaitwa Wilibrodi. Mwaka wa kumi na moja huu tangu tumchinjie mbuzi, tumwombee, tumpandishe basi kwenda Dar kutafuta maisha. Kila Krismasi anarudi peke yake, anakaa kwenye kiti cha baba yake, na kwa siku mbili anatusimulia jiji. Nimelisikia mpaka nikiota, naota nimepanga Kinondoni.

Watu huja kumsikiliza. Hawasemi wamekuja kusikiliza; mmoja amekuja kuazima chujio, mwingine anamtafuta kuku wake. Wakishakaa hawaondoki.

Mwaka wa kwanza Wilibrodi alituambia, "Shangazi, raha ya Dar ni moja tu. Hakuna anayekuuliza unakwenda wapi."

Hilo lilitugusa. Hapa kwetu ukitoka na mfuko, toka kanisani mpaka zahanati umeulizwa mara tisa, na ukifika zahanati nesi anajua unaumwa nini kabla hujakaa. Dorkasi, jirani yetu, akashusha pumzi kwa wivu, akasema heri wao. Dorkasi ndiye anayetuuliza sote.

Mwaka uliofuata ilikuwa chakula. Dar, saa nane ya usiku ukitaka chipsi mayai unapata. Sisi tunaolala na kuku tukaanza kusikia njaa saa nane ya usiku. Mwaka wa tatu akasifu joto: joto la Dar ni tamu, mtu hahitaji blanketi, ukifua asubuhi, mchana unavaa. Nguo za hapa zikifuliwa mwezi wa saba hukaa kwenye kamba mpaka zinazoeana na za jirani. Mwaka wa nne akasifu upepo wa bahari, na baada ya hapo, alipoishiwa, akasifu foleni ya magari. Nasema kweli. Eti kwenye foleni unanunua kila kitu bila kushuka: maji, karanga, chaja ya simu, kioo cha kujitazamia. Tukaionea wivu foleni. Josephati, mume wa Dorkasi, ambaye katika maisha yake hajawahi kuzuiwa njiani ila na ng'ombe, alikwenda nyumbani amenuna.

Wakati wote huo mama yake, wifi yangu Antonia, alikuwa amekaa pembeni anachambua maharage. Antonia si mtu wa maneno. Hakuguna, hakucheka, hakushusha pumzi. Mimi nilidhani hasikilizi. Kumbe alikuwa anaweka akiba.

Mwaka huu, wiki mbili kabla ya Krismasi, tukiwa kwenye sala ya jumuiya, Antonia alisimama. Akasema, "Sikukuu ikiisha nakwenda Dar kukaa na mwanangu. Nina miaka sabini. Wajukuu wangu wawili nawajua kwa picha ya simu, na simu yenyewe ina ufa. Yule mdogo sijui hata kidevu chake kikoje."

Tukaimba. Jumuiya ikamvisha khanga mpya. Na Antonia akisema amesema. Kabla wiki haijaisha mablanketi yake yalikuwa kwa Dorkasi, kuku wake kwangu, na shamba alilolima na kaka yangu miaka thelathini amemkabidhi mdogo wetu Lazaro alilime moja kwa moja. Ng'ombe wake mmoja alimwachia Metui, Mmasai wa Olbalbal, rafiki wa marehemu tangu ujana wao. Wakakubaliana kwamba Metui atakuja kumchukua mwenyewe. Yaani mama wa watu alijikatia kamba zote za upande huu. Dar isingempokea, asingekuwa na pa kurudi ila kwenye nyumba yenye kiti kimoja na picha ya Bikira Maria.

Wilibrodi alifika mkesha wa Krismasi, shati limenyooka. Pale mlangoni akakuta mfuko mkubwa umefungwa kwa katani.

"Nani anasafiri?"

"Mimi na wewe," mama yake akamjibu. "Karibu uji."

Nilikuwepo. Niliona uji unavyoweza kumshinda mtu mzima.

Siku ya Krismasi watu walijaa kama kawaida. Tulikaa tukingoja jiji. Wilibrodi akazungumzia hali ya hewa ya Karatu, jinsi ilivyo nzuri. Akasifu mlenda. Akamuuliza Josephati habari za mbaazi zake, na Josephati, ambaye hajawahi kuulizwa habari za mbaazi na mtu aliyevaa viatu vile, aligeuka nyuma kuona anaulizwa nani. Watu waliondoka mapema, wanalalamika kama walionyimwa nyama.

Kesho yake, tulipobaki wenyewe, alianza kulibomoa jiji alilolijenga.

"Mama, kitu sijakwambia ni joto. Joto la kule si mchezo. Watu wanalala sakafuni."

Antonia alikuwa na ungo wake mapajani. Alitupa jiwe dogo nje, akasema, "Mwaka wa tatu ulisema ni tamu. Mablanketi nimeshayagawa."

"Na watu wa kule hawana utu. Unakaa nyumba moja na mtu mwaka mzima, hajui hata jina lako."

"Ndicho ulichokipenda mwaka wa kwanza. Na mimi nimechoka kujulikana."

"Basi chakula. Mama, kule hata mchicha unanunua."

"Saa nane ya usiku," akasema Antonia.

"Nini saa nane ya usiku?"

"Chipsi mayai. Ulisema zinapatikana. Nitakula hizo."

Wilibrodi akavuta kiti karibu. "Foleni, mama. Foleni ya Dar inaua. Mnakaa barabarani saa tatu nzima, gari halisogei."

"Nitanunua karanga."

Hapo nilipaliwa. Nikasingizia moshi, ingawa jiko lilikuwa limezimika. Wilibrodi alinitazama kwa jicho la kuomba msaada, na mimi ni shangazi yake, damu yake kabisa, kwa hiyo nilimwambia, "Mama yako hana kioo cha kujitazamia. Umnunulie hapo hapo kwenye foleni, asishuke." Shangazi ni wa nini kama si hivyo.

Mchana Metui akaja kumchukua ng'ombe. Alikaa na shuka lake begani, akapewa chai yenye maziwa mengi. Wilibrodi alimrukia kama mtu aliyeona daraja.

"Mzee Metui, kijana wako Lekoko si analinda huko Dar? Hebu mwambie mama maisha ya kule yalivyo."

Metui hana haraka. Alikunywa nusu kikombe kwanza. "Lekoko analinda nyumba ya tajiri. Anasema kuna ukuta, juu ya ukuta kuna vipande vya chupa, juu ya chupa kuna nyaya za umeme. Tajiri haoni mtu, mtu haoni tajiri. Mimi ng'ombe zangu nazifungia kwenye boma la miiba jioni, asubuhi nazifungulia. Nikamuuliza Lekoko, huyo wa kwako anafunguliwa saa ngapi?"

"Umesikia, mama?" Wilibrodi akasema.

"Nimesikia," akasema Antonia. "Na Lekoko anataka kurudi?"

"Hataki," akakubali Metui. "Anasema anapapenda. Nikamuuliza unapenda nini huko, taja kimoja. Akaniambia, 'Baba, we acha tu.' Naona wote wanaokaa kule jibu lao ni hilo."

Alimalizia chai, akamfungua ng'ombe. Ng'ombe aligoma getini, akageuza shingo akatazama nyumba. Antonia hakulia. Alisema tu, "Mwambie Nareyu asimkamue akiwa na haraka, atamzuilia maziwa." Nareyu ni mke wa Metui. Kisha akasimama pale getini mpaka yule ng'ombe alipopotelea kwenye kona, na hata baada ya hapo. Wilibrodi alikuwa nyuma yake. Alitoa simu mfukoni, akaitazama, akairudisha.

Safari ilipangwa kesho yake. Asubuhi ile Wilibrodi alikuwa amebakiwa na sababu moja tu, na sababu yenyewe ilikuwa shambani. Aliposikia sauti ya Lazaro akipigia ng'ombe mluzi, alimshika mama yake mkono.

"Mama, kabla hatujaondoka twende tukaliage shamba la baba."

Wakaenda. Mimi sikuwa na shughuli yoyote huko, ndiyo maana nilifuata.

Shamba la kaka yangu lipo mtelemkoni, na ukingoni mwake kuna korongo. Kaka alilikata makinga maji matano kwa mkono wake mwenyewe, kila kinga akalipandia majani ya tembo ili yashike udongo. Tukamkuta Lazaro amekwisha kusawazisha matatu. Majani yameng'olewa, yamelazwa pembeni mizizi juu. Na plau alikuwa anaiteremsha moja kwa moja kutoka juu kwenda korongoni, kama mtu anayetengeneza barabara ya maji.

Wilibrodi, na hili niliapie, alifurahi. Uso ulimng'aa. "Mama, unaona? Huwezi kuliacha shamba hivi. Baba angesema nini? Wewe baki, angalau msimu huu, ulisimamie."

"Nimeshampa," akasema Antonia. "Alime anavyojua. Basi linapita saa nne."

Lazaro akasimamisha ng'ombe. Mdogo wangu Lazaro si mbaya, ila akishika kitu cha bure hapendi kukosolewa. "Makinga yanakula nafasi, shemeji. Kila kinga moja ni mistari miwili ya mahindi imepotea." Kisha akamgeukia Wilibrodi, akamtazama viatu. "Na wewe mtoto wa lami, udongo unakuhusu nini? Nenda zako ukapigwe upepo wa bahari."

Sasa, Wilibrodi nimemsikia akizungumza kwa miaka kumi na moja. Namjua akisifu, namjua akibembeleza. Sikuwahi kumsikia amekasirika kweli, na hasira ya kweli haina muda wa kupanga maneno.

"Unanihusu nini?" akasema. "Baba mdogo, huu udongo unadhani unakaa hapa? Mvua ikipiga unaingia kwenye hilo korongo, na sisi kule chini ndio tunaupokea. Nyinyi huku mnavunja makinga mpate mistari miwili ya mahindi, sisi tunachota matope ndani ya nyumba kwa sufuria. Mwezi wa nne nimeamka godoro linaelea. Linaelea, baba mdogo. Nikambeba Inosenti begani, mdogo wake kiunoni, Doreen ameshika vyombo, tope limefika dirishani, jekundu hivi hivi. Nikalijua kabla hakujakucha. Nilisema, hili ni la kwetu."

Akapangusa jasho usoni.

Inosenti ni yule mjukuu mkubwa. Doreen ni mkewe, yule ambaye kila mwaka hakuweza kuja kwa sababu Dar ni mbali na watoto wanatapika kwenye basi.

Ng'ombe wa Lazaro wakaanza kung'ata yale majani yaliyong'olewa. Lazaro akakuna shingo. Akili ya Lazaro huenda polepole, lakini maji ya korongo lile ameyaona tangu anachunga, na njia yake anaijua.

"Hili korongo linamwaga Mto wa Mbu," akasema. Alisema taratibu, kama anayemwelekeza mgeni. "Pale chini ya ukingo, penye migomba. Nusu saa kutoka hapa ukipanda Noah."

Wilibrodi akatazama udongo.

Mimi nilikuwa na maneno saba tayari mdomoni, yote matamu, na nikayameza. Nilimtazama Antonia. Alikuwa ameganda na mkono mmoja kwenye pindo la khanga yake mpya. Akaifungua, akaifunga tena vizuri kiunoni, akamsogelea mwanawe. Sauti yake haikupanda.

"Mto wa Mbu, Wilibrodi?"

"Hapana, mama, si hivyo. Siku ile nilikuwa napita tu. Nilikuwa natoka Dar."

"Na godoro," akauliza Antonia, "nalo lilikuwa linapita?"