Kope Nyeupe za Mjukuu

Mtoto wa fundi cherehani alizaliwa na jicho moja la kahawia na jingine la kijivu, lenye kope nyeupe pe. Mama wa mumewe alipokuja kumwona mjukuu, fundi alikuwa amezipaka wanja, akihofia kuulizwa mtoto ni wa nani. Bibi akampakata, akampangusa uso kwa kitambaa chenye maji, wanja ukatoka. 

“Usiogope, mwanangu,” bibi akasema polepole. “Wifi yako naye alizaliwa nazo. Nilikuwa nazikata kwa mkasi ili watu wasizione. Siku moja akajitikisa.”

Miaka yote fundi aliambiwa kwamba jicho bovu la wifi liliharibiwa na surua. Akamchukua mtoto taratibu, akamkumbatia. Mikasi yake yote akaifungia kabatini mpaka mkwewe alipoondoka.