Sijui Unaondoka Lini

Mwezi Oktoba katika mji wetu, ukungu hushuka kutoka vilimani alfajiri na kukaa juu ya mfereji kama mgeni asiyejua kuaga. Vibustani vya kukodi viko ng'ambo ya mfereji huo, kila kimoja na kibanda chake cha mbao, na ukifika mapema huoni watu. Unasikia sauti tu, zikielea, na unazitambua moja moja kama mtu anayeamka polepole.

Nilikuwa na kipande kidogo karibu na ua. Kilichofuata kilikuwa cha Clement Ogden, mzee mjane aliyefanya kazi maisha yake yote kwenye malango ya mfereji, akijaza na kupunguza maji ili mashua zipande na kushuka. Baada yake palikuwa pa Lorna Sutcliffe, fundi mapazia aliyestaafu. Kila Jumamosi wawili hao walikunywa chai pamoja kwenye benchi lililoegemea kibanda cha Lorna, na kwa muda wote niliokuwa jirani yao sikuwahi kumsikia Clement akimuuliza Lorna swali hata moja.

Si kwamba alikuwa mkimya. "Sijui hawa konokono wanatoka wapi," alikuwa akisema. "Nashangaa kwa nini vitunguu vyako vinanenepa kuliko vyangu." "Ningependa kujua keki hii ya tangawizi huwa unaipika vipi." Ndivyo tunavyozungumza huku. Wapi, lini, kwa nini, vipi: maneno hayo hatuyatoi nje peke yake bila koti. Tunayatangulizia maneno mengine ya kuyafunika, ili mwenzako akitaka ajibu, asipotaka atazame mawingu, na asiwepo wa kuaibika. Lorna alijibu alipotaka. Asipotaka alisema "Mm" na kummiminia chai nyingine.

Kisha binti wa Lorna akampa chumba nyumbani kwake. Anaishi pwani, safari ndefu ya treni, na alitaka mama yake ahamie kwake kabla ya Krismasi. Lorna aliisema habari hiyo pale kwenye benchi, nami nikiwa nang'oa karoti hatua chache kando.

"Bahari ni nzuri," alisema Clement.

"Ni nzuri."

"Sijui unaondoka lini."

"Mm," alisema Lorna, akammiminia chai.

Kila Alhamisi nilikuwa nikifundisha Kiingereza kwenye ukumbi wa kanisa, darasa la watu wazima waliohamia mjini kutoka nchi za mbali. Clement alikuwa akija kusaidia katika mazoezi ya kuzungumza, na kuosha vikombe. Wiki hiyo somo lilikuwa kuuliza kwa adabu. Niliandika ubaoni, "Stesheni iko wapi?" Chini yake nikaandika, "Samahani, sijui kama unafahamu stesheni iko wapi."

Nizar, mwoka mikate kutoka Aleppo, alikunja mikono. "Mwalimu, mtu anachelewa treni. Hiyo sentensi ni ndefu kuliko safari yenyewe."

Darasa likacheka.

"Ni adabu, Nizar."

"Nimeelewa. Ni sambusa. Swali ndiyo nyama, mnaifungia ndani. Lakini wengine huku, mwalimu, unakula unga mpaka unashiba na nyama hujaiona." Akamgeukia Clement. "Au nasema uongo, mzee wangu?"

"Husemi uongo," alisema Clement, na masikio yake yakawa mekundu.

Wakati wa kuosha vikombe alisugua kimoja muda mrefu. "Yule jamaa kanipata," alisema. "Nikimuuliza Lorna wazi, unadhani atakasirika?"

"Nadhani atafurahi," nilisema, na niliamini hivyo. Nilikuwa nimemaliza chuo majira ya joto ya mwaka huohuo, na niliona kwamba watu wakiambiana mambo waziwazi, nusu ya huzuni ya dunia itakosa pa kukaa.

"Basi nitauliza mawili. Unaondoka lini? Halafu, kwa nini usibaki?" Aliyarudia mbele ya sinki kama anayejifunza sala.

Jumamosi ukungu ulikuwa mzito. Clement alipita karibu nami bila kuniona, amevua kofia na kuishika kifuani. Akasimama mbele ya benchi.

"Lorna," alisema. "Unaondoka lini?"

Nililisikia swali likitua. Halikuwa na kitu cha kulipunguzia uzito.

Lorna alishusha kikombe. "Una haraka gani, Clem?"

"Mimi? Hapana, mimi..."

"Kama unakitaka kipande changu, sema. Udongo huu umeumezea mate siku nyingi." Sauti yake ilikuwa ya mzaha, lakini mzaha haukufika mwisho. "Miaka yote hii hujaniuliza hata kama nimelala salama. Leo swali lako la kwanza ni siku nitakayokuachia nafasi. Haya. Nimekusikia."

Akaingia kibandani. Nikasikia vyuma: koleo likishushwa ukutani, kisha reki, kisha ndoo ikiburutwa. Alikuwa anafunga vitu vyake. Nilitaka kukimbilia kule nikaeleze, lakini ningeeleza nini ambacho hakikuwa cha Clement mwenyewe kukisema?

Clement aliketi kwenye benchi. Ukungu uliwafunika wote wawili, zikabaki sauti.

"Sijui kwa nini nimekuja na swali," alisema, kana kwamba anauambia ukungu. "Yalikuwa mawili. Sijui la pili nimeliangusha wapi."

Vyuma viliendelea.

"Nilikuwa nafikiria pale mfereji utakapoganda. Kibanda kimefungwa. Nilikuwa nafikiria nitakaa wapi."

Ndoo ilinyamaza.

"Sijui watu hunywaje chai peke yao. Mke wangu alipofariki nilijifunza, nikaweza kabisa. Sasa nimesahau. Hata sijui nimesahau lini."

Maneno yalikuja hivyo, moja baada ya jingine, bila kumshika mtu mkono ajibu. Mlango wa kibanda ulilia.

"Mimi najua ni lini," alisema Lorna.

"Eh?"

"Mwaka ule viazi vilipooza vyote. Ulikuja na chupa yako ya chai, nikakwambia hiyo si chai, hayo ni maji ya mfereji. Hukuileta tena."

"Kumbe ndipo."

"Ndipo." Alikuwa amesimama karibu naye sasa; sauti zao zilitoka mahali pamoja. "Na hilo lililoanguka?"

"Nilikuwa najiuliza kwa nini usibaki."

"Unajiuliza wewe, au unaniuliza mimi?"

Mashua ilipita mferejini polepole. Tuliisikia injini yake mpaka ikayeyuka upande wa daraja.

"Nakuuliza wewe," alisema Clement.

"Kwa sababu hakuna aliyeniambia nibaki. Binti yangu kaniambia njoo, mara ngapi sijui. Hapa kila ninayemwambia ananisifia bahari."

"Siipendi bahari," alisema Clement. "Sijawahi kuipenda. Baki, Lorna."

 

"Songa," alisema Lorna. "Umekalia upande wangu. Nitakwenda kwake Krismasi, nicheze na wajukuu, nirudi. Atanuna. Alinuna hata utotoni, na hakuna aliyekufa."

"Utamwambia nini?"

Hilo lilikuwa swali, tena wazi, na lilimtoka kwa urahisi kama pumzi. Sidhani alijua.

"Nitamwambia nimepanda vitunguu saumu. Unavyo vya mbegu, au na hivyo nikununulie mimi?"

Vitunguu saumu huku hupandwa kabla ya baridi na kuvunwa Julai. Clement alikwenda kuvichukua karibu mbio. Ukungu ulipoinuka niliwaona wameinama kwenye tuta la Lorna, wakibishana kuhusu nafasi kati ya punje na punje, na kila mmoja akizisogeza alizopanda mwenzake.